Maswali yenu ya dragi, na gari ni ile moja tu ya nyumbani

Meseji zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja: mtu anaeza anza mbio za dragi, zile za magari mawili kukimbizana kwa barabara iliyonyooka, na karo bado ilipwe? Anaeza. Nimechukua sita nizijibu vile tumefanya kwetu hapa Nakuru.

Niko na Probox ya kazi, naleta nayo mayai mjini. Nikisimama kando ya Subaru si ni aibu tu? (Baba wa wawili, Njoro)

Hakuna aibu ndugu yangu, ukiingia klasi inayokufaa. Watu wakiskia dragi wanafikiria ni nani ako na injini kubwa, lakini kuna mbio za kutangaza muda, ile Wamarekani wanaita braketi, na hizo ndizo za mtu wa familia. Kabla ukimbie unaandika kwenye kioo sekunde zenye gari yako itachukua kumaliza robo maili, yaani mita 402. Sisi tunaandika na ile dawa nyeupe ya raba za shule, inaonekana mbali na inatoka na maji.

Sasa tuseme umeandika 19.00 na mwenye Subaru ya tabo, ile mashine ya kusukuma hewa zaidi kwa injini, ameandika 14.50. Taa yako ya kijani ya kuanzia inawaka sekunde 4.5 kabla ya yake. Wewe ukachelewa kutoka kwa sekunde 0.09 halafu gari ikakimbia 19.06, ukijumlisha umepoteza 0.15. Yeye alikuwa anaangalia watu, akachelewa 0.21, akakimbia 14.53, amepoteza 0.24. Umemshinda na gari ya mayai na hakuna mtu amekuhurumia. Lakini usidanganye muda ati uandike 19.50 ndio utoke mapema, kwa sababu ukikimbia chini ya ule uliotangaza umevunja, na kuvunja peke yako ni kushindwa.

Huko Marekani NHRA, chama chao cha dragi kilichoanza 1951, wako pia na klasi za Stock na Super Stock, gari inapangwa kwa uzito wake ukigawanywa na nguvu ya farasi. Hapa kwetu usibahatishe, kabla ulipe kiingilio uliza wanagawa kwa ukubwa wa injini, kwa tabo ama kwa muda, na kama mbio zenyewe zinatambuliwa na Kenya Motor Sports Federation.

Mzee wangu anataka kutoa pesa kwa chama anunue tabo ya mtumba. Nimwambie nini? (Mama, Kondele)

Mama, mwambie pole pole tu asubiri. Mimi mwaka wa kwanza niliweka pesa yote kwa ekzosi kubwa, fundi aliniahidi mambo mengi, na gari haikupunguza hata nusu sekunde, sauti ndio iliongezeka. Na wakati huo wote breki zilikuwa zimeisha na tairi za mbele zina nyufa kando, zile nyufa ndogo ndogo unaona ukikunja tairi na kidole gumba. Hiyo kitu bado inaniuma nikikumbuka nani alikuwa anabebwa na hiyo gari Jumapili.

Pesa ya kwanza ni tairi na breki, kwa sababu hizo hata watoto wanazitumia siku zile zingine zote. Ya pili ni helmeti. NHRA wanalazimisha helmeti gari ikikimbia sekunde 13.99 kushuka chini, lakini mimi nasema vaa hata kama unakimbia 20. Na isiwe ile ya boda. Tafuta yenye kibandiko cha Snell SA ndani (Snell ni shirika la kupima helmeti), hiyo kitambaa chake kinastahimili moto, yenye imeandikwa M ni ya pikipiki. Baada ya hapo ni plagi mpya, oili, filta ya hewa, basi, nenda mkakimbie.

Halafu mzee atoe uzito wa bure. Kila kilo 45 hivi ukipunguza ni karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kwa buti ya gari ya familia hizo ziko: spea, jeki, kiti cha mtoto, ule mfuko wa simiti ulibaki tangu Disemba. Na kitu kimelegea ndani ya gari, ukifunga breki mwisho wa rami kinakuja kwa kichwa chako.

Gari yangu inavuta poa Kisumu, nikipanda nayo Nakuru inalala. Fundi anasema ni pampu. (Kijana, Mamboleo)

Kabla ununue pampu, fikiria hewa. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru ni kama 1,850. Injini bila tabo inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila mita 300 unapanda, kwa hivyo injini ya farasi 100 huko kwenu inabaki na kama 89, hapa kwetu 82. Si ugonjwa, ni hewa nyepesi. Wamarekani walikimbia miaka mingi Bandimere Speedway, karibu na Denver, urefu unakaribiana na wa Nakuru, hadi ikafungwa 2023, na walikuwa wanajua ule muda wa gari kule usawa wa bahari haufanyi kazi huko. Tabo inaumia kidogo kuliko zingine, ndio maana hawa watu wa Subaru wanatusumbua huku juu. Wewe badilisha tu muda unaotangaza, na hata siku hiyo hiyo ubadilishe tena, hewa ya saa tatu asubuhi na ya saa nane mchana si moja.

Otomatiki inaruhusiwa? Manyuo sijui. (Dada, Kakamega)

Inaruhusiwa na mimi naipenda, inarudia muda ule ule kila safari, na kurudia ndio kushinda.

Kwa nini tusijaribu tu usiku kwa barabara, hakuna magari? (wengi sana wameuliza hii)

Hapana. Hii sitajibu kwa upole. Kuna mtu anavuka na mkokoteni bila taa, kuna ng'ombe, kuna boda amezima taa aokoe betri. Sisi wa Nakuru tumezika watu wa kutosha kwa barabara ya Salgaa. Ndani ya mji kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na bima nyingi zimeandika wazi hazilipi ukiwa kwa mashindano, kwa hivyo ukigonga mtu ni shamba la familia linauzwa. Kama hakuna mbio zilizopangwa mwezi huu, fanya mazoezi ya taa nyumbani. Taa tatu za njano zinawaka moja moja, nusu sekunde katikati, halafu kijani. Ukingoja kijani umechelewa, unatoka ile ya tatu ikiwaka tu, lakini ukitoka mapema ni nyekundu na umeenda nyumbani. Mtoto apige makofi matatu kwa mpigo sawa, wewe ukanyage kwa la tatu, gari imezimwa.

Mwanangu ana miaka tisa anataka kuja. Atafanya nini huko? (Baba, Bungoma)

Marekani kuna mbio za watoto tangu 1992, vigari vidogo, lakini wako hapa anaeza anza na kazi ya maana. Mpe ekzasaizi buku ya mistari na kalamu mbili. Binti yangu anaandika saa, jua ama mawingu, presha ya kila tairi, lita za mafuta, muda niliotangaza na muda uliotoka. Juzi aliniambia, "Baba, ukikunywa soda kwanza unachelewa kutoka." Tukaangalia zile kurasa pamoja na ni ukweli, mara nne kati ya tano. Siku hizi soda inakaa kwa lile sanduku la barafu hadi nimalize.