Mwalimu ameweka video ya binti yangu mtandaoni

SWALI: Assalamu alaykum, Bi Mwanasheria. Binti yangu ana miaka 10. Mwalimu wake wa tuisheni alimrekodi akisoma kasida, akaiweka Facebook pamoja na jina lake kamili, skuli yake na shehia yetu. Sasa mtu nisiyemjua anamwandikia kwenye simu yangu ambayo binti huichezea, anajiita mjomba, anataka picha zake za chumbani. Mwalimu nimemwambia aifute video, kanijibu hakuna sheria inayomkataza. Ni kweli? – Mama, Wete

JIBU: Waalaykumu salaam, mama. Si kweli, lakini tuanze na huyo “mjomba”, mwalimu atangoja hadi kesho. Usimjibu, na usifute chochote ingawa roho itakutuma ufute. Hifadhi ujumbe wote, namba na saa vionekane, uende nao polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayotumika hadi huku kwetu, inaharamisha picha za ngono za watoto, na anayeanza na picha za chumbani anajulikana anakoelekea. Usisubiri afike.

Sasa mwalimu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kazi tarehe 1 Mei 2023. Kwa Zanzibar inagusa mambo ya Muungano, na simu ni mojawapo. Taarifa za mtoto imeziweka katika fungu la taarifa nyeti, zinazotaka idhini ya maandishi. Kumpeleka mtoto tuisheni si idhini. Mwandikie, taja video na siku iliyowekwa, mpe muda aiondoe. Akikaidi, lalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mie kasida yenyewe hainitishi, mashaallah. Kinachonitisha ni yale maandishi ya chini yake: jina, skuli, shehia. Watoto wetu wanarudi skuli kwa miguu. Mtu akishajua hayo matatu, anaweza kusimama njiani akamwita mtoto kwa jina, na mtoto akaitika. Walimu wengi wanaandika hivyo kwa kujivunia wanafunzi wao, na bado ni hatari ile ile.

Binti usimgombeze. Akiona amepata adhabu kwa jambo lisilo lake, ujumbe mwengine ukija hatakuonesha. Mfundishe pia namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, ya bure, ambayo mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.