Binti yangu yuko Marekani, siku 90 zinahesabiwaje?

SWALI

Dada, habari za Arusha. Binti yangu amemaliza digrii ya takwimu kule Ohio mwezi wa tano, na kibali chake cha OPT cha kufanya kazi mwaka mmoja kimetoka. Kadi imeandikwa inaanza Juni 15, ila posta ilimfikishia mwanzoni mwa Julai. Kazi bado. Anasema anaruhusiwa kukaa siku 90 bila kazi, na ameanza kuzihesabu siku aliyoipokea kadi. Mwezi wa nane kaka yake anaoa hapa Moshi na baba yao anataka aje, siku zisimame kwanza, akirudi aendelee kutafuta. Tena kuna kijana wa huko anasema akipewa dola mia kadhaa atamwandika kwenye kampuni yake aonekane ameajiriwa. Tumshauri nini?

Mama wa Kiboriloni, Moshi

JIBU

Shikamoo mama, na hongera kwa kusomesha.

Naanza na hesabu, maana ndiyo inayombana. Mwambie aitazame kadi yake vizuri. Ina tarehe mbili, ya kuanza na ya kuisha, na siku zinahesabiwa kuanzia ile ya kwanza hata kama kadi yenyewe ilikuwa bado njiani. Siku yake ya kwanza ni Juni 15 na ya 90 ni Septemba 12. Jumamosi imo, Jumapili imo, na sikukuu yao ya Julai 4 imo. Akifuata hesabu yake ya sasa atajiongezea wiki tatu hivi ambazo hana, na kwa wiki hizo anaweza kupoteza kibali ambacho familia nzima imekilipia ada kwa miaka.

Kuhusu harusi, mama, nasema kwa uchungu: asije. Najua harusi ya Uchagani ilivyo. Dada wa bwana harusi asipoonekana wakati ndafu inakatwa, itasemwa mpaka watu wapande mlimani kwa Krismasi. Lakini siku hazisimami akipanda ndege. Akiwa nje ya Marekani bila kazi zinaendelea kuhesabiwa vilevile, na kurudi ni mtihani mwingine: mlangoni atahitaji viza iliyo hai, fomu ya I-20 (hati ya chuo inayothibitisha hadhi yake ya mwanafunzi) iliyosainiwa na chuo ndani ya miezi sita, kadi yake, na barua ya mwajiri ambayo kwa sasa hana. Angekuwa ameajiriwa na mwajiri kampa likizo, siku hizo zisingehesabiwa. Hapo ningemwambia aje hata kesho. Mzee aelezwe hivyo.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Katika mwaka huu wa kwanza, kazi si lazima iwe ya mshahara. Akijitolea angalau saa 20 kwa wiki, kazi ikihusiana na takwimu na isiwe ile ambayo sheria inamtaka mwajiri amlipe mtu, hesabu inasimama. Mimi mwenyewe nilipomaliza masomo ya afya ya jamii Minnesota nilijitolea kwenye zahanati moja ya kuhudumia wakimbizi, nikawa nawapangia takwimu za chanjo kwenye kompyuta. Kila Ijumaa msimamizi alinisainia karatasi ya saa nilizofanya, na nilikuwa na barua yake inayoeleza cheo changu, tarehe niliyoanza na namna kazi ilivyohusiana na digrii yangu. Makaratasi hayo ninayo mpaka leo. Binti aanzie kwa maprofesa wake, kisha mashirika ya kugawa chakula na zahanati za hisani. Hao wote wana takwimu zilizolala bila mtu wa kuzichambua. Kutunza wazee, ambako Watanzania wengi wanapata riziki huko, hakutamsaidia kwa hili kwa sababu hakuhusiani na alichosomea.

Akishaanza, aandikishe kazi kwenye ukurasa wake wa mtandaoni wa SEVP, ofisi ya serikali inayosimamia wanafunzi wa kigeni, ndani ya siku 10, au amwambie mshauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwake. Hili naomba alishike. Mfumo wa SEVIS, ambao ndio daftari la serikali la kompyuta la wanafunzi hao, usipoona jina la mwajiri unamhesabu kama mtu asiye na kazi, hata kama anaamka alfajiri kwenda kazini.

Yule kijana wa dola mia kadhaa mkateni leo. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho mjini Chicago ilifunguliwa kesi ya mtu aliyeunda kampuni za kwenye makaratasi na kuwauzia wanafunzi wa kigeni uthibitisho wa ajira. Jina la binti likikutwa kwenye orodha ya namna hiyo, viza zake za baadaye zote zitaulizwa swali hilo. Heri arudi Moshi na rekodi safi.

Takwimu ni miongoni mwa masomo ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), kwa hiyo mwaka huu ukiisha anaweza kuomba miezi 24 zaidi, na aombe kabla kibali cha sasa hakijaisha. Huko siku za kukaa bila kazi zinafika 150 kwa jumla, pamoja na alizokwisha tumia. Akitumia 60 sasa, zitabaki 90 kwa kipindi chote. Ila kujitolea hakutakubalika tena: atahitaji mwajiri anayelipa, aliyesajiliwa E-Verify (mfumo wa serikali wa kuhakiki kama mtu anaruhusiwa kufanya kazi), na mpango wa mafunzo wa fomu I-983 uliosainiwa.

Mwisho wa Agosti ukifika hana hata kazi ya kujitolea, aende kwa mshauri wa chuo kabla ya Septemba 12. Kabla ya tarehe hiyo bado anaweza kuhamia masomo mengine au kuondoka kwa utaratibu. Akishapita siku 90, zile siku 60 za kujiandaa kuondoka ambazo wenzake hupewa kibali kikiisha, yeye hazipati.