Gari ya haibridi ikikugomea, anza na betri ndogo

Huu mwaka wa tano niko na gari ya haibridi, zile za kawaida ambazo huchomeki popote, inajichaji yenyewe ukiwa barabarani, na swali nililoulizwa mpaka nimechoka ni moja tu, eti betri ikifa si ndo basi tena? Watu wakisikia haibridi wanawaza ile betri kubwa, wanawaza bei yake, wanakimbia. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka asubuhi moja gari iliponigomea nikagundua nilikuwa naogopa betri ambayo siyo.

Ilikuwa hivi. Nimebonyeza kitufe, dashibodi imewaka taa zote, ya injini, ya breki, ya ABS, pembetatu nyekundu, hadi usukani nao unalalamika. Yani gari iliyolala nzima imeamka na magonjwa yote kwa mpigo! Ile taa ya READY, inayokuambia gari iko tayari kutembea, haiji. Nazima, nawasha, nasikia relei, zile swichi za umeme, zinagonga tak tak tak, basi. Akaja fundi, akaangalia dashibodi, hata boneti hakufungua, akaniambia "Bosi, hii betri ya haibridi imeshakwenda, jipange." Nikajipanga kweli, nilishaanza kupiga mahesabu ya kuiuza kama ilivyo. Jioni akapita shemeji yangu ambaye ana kimultimita chake cha kupimia nyaya za nyumbani, tukafungua buti, akapima ile betri ndogo ya volti 12, ikasoma 11.3. Akacheka sana. "Shem, ulitaka kuuza gari kwa ajili ya hiki?"

Tukaibusti, yani tukaiazima umeme wa nje, READY ikaja hapo hapo, taa zikazima. Kesho yake nikafunga betri ndogo mpya na yale magonjwa yote sikuyaona tena.

Kwa nini inadanganya hivyo? Kwenye gari ya kawaida betri ikichoka unaisikia, stata inazunguka kwa uvivu, unapewa taarifa mapema. Kwenye haibridi nyingi stata ya hivyo haipo, injini inazungushwa na mota inayokula umeme wa betri kubwa. Betri ndogo kazi yake ni kuamsha kompyuta na kuvuta zile relei zinazounganisha betri kubwa na mfumo, kazi nyepesi, ndo maana inaweza kuwa hoi miezi kadhaa na wewe unadunda tu, mpaka siku inashindwa hata hiyo nyepesi. Na kompyuta zikipata volti pungufu zinachanganyikiwa, kila moja inatupa lawama kwa mwenzake, ndo unaona taa za ajabu ajabu ambazo hata hazihusiani.

Kwa hiyo multimita, hata ya bei rahisi kabisa, iwe ndani ya gari. Pima asubuhi kabla hujafungua fungua milango ovyo: 12.6 kwenda juu iko vizuri, ikisoma chini ya 12 anza kutafuta nyingine. Ukishawasha mpaka READY pima tena, inatakiwa ipande hadi maeneo ya 14. Isipopanda basi tatizo siyo betri, ni kile kifaa kinachoshusha umeme wa betri kubwa kuja kuchaji hii ndogo, maana humu ndani alteneta hakuna.

Kinachoiua haraka ni kukaa kwenye gari unasikiliza redio bila READY. Ukiona skrini inawaka haimaanishi gari imewaka, kama READY haipo unakula betri ndogo peke yake na yenyewe ni ndogo kweli. Ukitaka kukaa na AC na redio weka READY, weka P, injini itawaka na kuzima yenyewe inavyotaka, muache afanye kazi yake. Na kama gari inalala wiki mbili tatu bila kutembea, iwashe nusu saa hadi saa nzima mara moja moja, au chomoa waya hasi wa betri ndogo. Funguo za rimoti usiziache jirani na gari, zinaongea na gari usiku kucha na mazungumzo hayo yanakula umeme. Kingine, gari ambazo betri ndogo inakaa kwenye buti au chini ya siti, nunua aina ile ile yenye kitundu cha kufunga kibomba cha kutolea gesi nje. Usikubali kufungiwa yoyote tu iliyopo dukani, hiyo gesi utaivuta wewe na watoto.

Kubusti haina maajabu, kama betri iko nyuma basi mara nyingi chini ya boneti kwenye boksi la fyuzi kuna temino ya chanya yenye kifuniko chekundu, hasi unabana kwenye chuma kitupu cha bodi. Ila jirani akikuomba umbusti yeye na gari yako ya haibridi, mwambie pole sana. Stata ya gari yake inavuta umeme mwingi kwa mkupuo mmoja, na huo mfumo wako haukutengenezwa kwa kazi hiyo, unaweza kuunguza kitu cha gharama kwa wema wako.

Haya, tuje kwenye hiyo betri kubwa inayoogopwa.

Cha kwanza, ukiendesha kawaida haijai hadi mwisho na haiishi kabisa. Kompyuta inaibana katikati, kwenye Toyota nyingi za haibridi inachezea kati ya asilimia 40 na 80 hivi, ndo maana vile vipau kwenye skrini ukiviona havijajaa usipaniki. Cha kupaniki ni pale vinapocheza haraka haraka, vimejaa sasa hivi, kilima kidogo tu vimebaki viwili, unateremka vimejaa tena. Hapo inakuambia kitu.

Lakini hata hapo, kabla hujasema imekufa, kaangalie feni. Hii ndo sehemu watu wengi hawajui kabisa kama ipo. Betri kubwa inapozwa na hewa ya ndani ya gari, kuna matundu pembeni ya siti ya nyuma au chini yake, nyuma ya matundu kuna feni na mara nyingi kifilta. Ya kwangu nilikuwa nimeirushia koti na mabegi juu miaka yote, nadhani ni urembo wa plastiki! Siku za joto gari ikawa inakosa nguvu, feni inavuma nyuma kama inataka kupaa, mwisho ikawasha taa. Tulipofungua, filta ilikuwa imegeuka blanketi, mavumbi na nywele vimeshikana, na vile vipanga vya feni vimejaa mpaka havionekani. Nilisafisha kwa brashi laini na upepo wa kompresa kwa mbali, tukafuta kodi, ile namba ya hitilafu inayobaki kwenye kompyuta ya gari, na sasa nafanya usafi huo kila nikibadilisha oili. Njia ya vumbi funga vioo, washa AC, unajipoza wewe na betri kwa wakati mmoja, maana hewa ni hiyo hiyo.

Kodi ambayo kila mtu ataiona siku moja ni P0A80. Maana yake kompyuta imeona betri haiko sawa, na mafundi wengi wakiiona hiyo wanaishia hapo hapo, badilisha. Mwambie asifute kwanza, aandike kodi zote zilizopo, kisha afungue data za betri ziwe zinasomeka moja kwa moja gari ikitembea. Mfano Toyota Prius kizazi cha pili na cha tatu, betri ina vipande 28 vya volti 7.2, jumla 201.6, na kompyuta inavisoma viwili viwili, yani bloku 14. Kanyaga mafuta kwa nguvu uangalie hizo 14, zikishuka zote pamoja kama kundi la mbuzi sawa, moja ikidondoka zaidi ya volti moja peke yake wakati wenzake wako juu, hapo kweli kuna mgonjwa. Au temino zimeota ukijani. Hii nimeiona kwa rafiki yangu, vile vibati vya shaba vinavyounganisha vipande vilikuwa na kutu ya kijani, vikasuguliwa, nati zikakazwa kwa kipimo, gari ikatembea.

Kuhusu kubadilisha kipande kimoja tu kilichokufa, mimi siipendi, na najua wapo watakaobisha. Inawezekana, ndiyo, na gari itatembea. Lakini hivyo vingine 27 vina umri ule ule wa marehemu, leo umetoa huyu, baada ya miezi michache anafuata mwingine, na kila mara unalipa ufundi upya. Kama ni kuuvusha mwezi sawa. Kama unataka kukaa na gari, kusanya hela uweke betri nzima.

Na hapo kwenye betri kubwa usijitie ufundi. Nyaya zote zenye koti la rangi ya chungwa ni umeme wa kuua, kwenye hiyo Prius ni zaidi ya volti 200, na ukishapita kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kwenda kwenye mota, unapandishwa zaidi ya hapo. Kuna plagi ya usalama ya kuchomoa kwanza, halafu unasubiri dakika 10 chaji iliyobaki kwenye inveta iishe, na glavu ziwe za umeme za volti 1000, siyo za kuoshea vyombo. Fundi akitaka kuingiza mkono bila hayo, chukua gari yako uondoke.

Inveta yenyewe ina maji yake ya kupoza, kitanki chake tofauti na cha injini, na watu wanajaza kimoja wanasahau kingine. Weka READY, fungua kifuniko cha kitanki cha inveta gari ikiwa ya baridi, uchungulie kama maji yanatembea. Yakiwa yametulia tuli, pampu imelala, na hiyo usiendelee kuendesha ukitegemea Mungu, kwenye Toyota kodi yake huwa P0A93.

AC nayo ina mtego ambao hata mafundi wa AC wazoefu wanaingia. Kompresa inazungushwa na umeme wa betri kubwa, kwa hiyo oili yake lazima iwe ile isiyopitisha umeme, ND-11 kwa nyingi. Fundi akijaza gesi na oili ya kawaida ya PAG, umeme unaanza kuvuja kupitia oili, gari inaleta kodi P0AA6 na inaweza kugoma kabisa kuwaka, na utazunguka miezi mkitafuta kwenye betri. Muulize kabla hajafungua chupa.

Breki ni raha na karaha. Raha kwa sababu mota ndo inayopunguza mwendo muda mwingi na kurudisha umeme kwenye betri, pedi zinakaa hadi unasahau ziliwekwa lini. Karaha ndo hiyo hiyo, kwa vile hazitumiki sana pini za kalipa zinakauka, diski zinashika kutu, siku unahitaji breki ya ghafla upande mmoja unashika na mwingine unafikiria. Kila mwaka toa tairi, pini zipakwe grisi yake. Ule mlio wa vuuu ukifungua mlango wa dereva ni pampu ya breki inajiandaa, ni kawaida, ila ikiwa inalia kila baada ya sekunde kadhaa hata hujagusa breki, peleka haraka.

Kwenye foleni usiweke N. Najua wengi tumezoea, lakini kwenye N betri kubwa haichajiwi na AC na taa zinaendelea kuila, acha D na ukanyage breki, au P kama mmesimama muda mrefu. Na ile B kwenye kishikio cha gia siyo gia ya kuongeza nguvu jamani, ni ya mteremko mrefu, betri ikishafika kikomo chake cha juu haina pa kuweka umeme na breki ndo zinabeba mzigo wote, hapo B inaifanya injini isaidie kushika.

Oili ya injini watu wanaisogeza mbele eti injini inapumzika sana. Inapumzika kweli, lakini pia inawaka na kuzima mara nyingi, na safari fupi fupi haipati joto la kutosha. Fuata kitabu, nyingi zinataka nyepesi kama 0W-20, na usizidishe kipimo. Giaboksi nayo ina oili yake, yale majibu ya "haibadilishwi maisha yote" mimi siyaamini, ila isiwekwe ya CVT za mkanda, zile giaboksi za otomatiki zisizo na hatua za gia, kwa sababu tu mtu kasikia ni CVT. Kwenye hizi za Toyota ndani hakuna mkanda, ni meno na mota mbili.

Mafuta usiyaache yaishe. Gari itakutembeza kidogo kwa umeme, wewe unafurahi, kumbe unaimaliza betri kubwa, na ikiisha kabisa hata ukileta dumu la mafuta hakuna cha kuzungusha injini. Hiyo haibustiwi na jirani, inataka chaja yake maalum.

Na ikifika ya kuvutwa, kwa gari inayoendeshwa na tairi za mbele, tairi za mbele zisiguse chini. Zikizunguka zinazungusha mota, mota inazalisha umeme usio na pa kwenda. Ita brekidauni ya kubeba gari nzima mgongoni, na yule kijana akija na kamba mwambie airudishe garini.