Maswali ya Wasomaji: Kupanda Doi Suthep

SWALI: Mwezi wa Machi nitakuwa Chiang Mai, Thailand, pamoja na mama yangu anayeumwa magoti. Tunataka kufika hekalu la Doi Suthep kule mlimani. Ataweza? Na tuvae nini?

JIBU: Ataweza. Ngazi ile maarufu yenye nyoka wa kizushi kandokando ina vidato zaidi ya 300, lakini pembeni ipo lifti ya reli ya kulipia. Kutoka mjini ni kama kilomita 15, nyingi zake kona za mlimani. Anayepata kichefuchefu akae mbele. Pikapu nyekundu za abiria husubiri zijae. Mkiwa na haraka kodini nzima, na nauli ya kwenda na kurudi muiafiki kabla ya kupanda.

Mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia. Viatu huvuliwa kabla ya kuingia ua wa stupa ya dhahabu (mnara mtakatifu wa Kibuddha), na saa sita mchana sakafu huunguza, kwa hiyo bebeni soksi. Stupa huzungukwa kwa kuiweka upande wa kulia. Mkikaa mbele ya sanamu ya Buddha, kunjeni miguu nyuma ili nyayo zisiielekee. Mama asimguse mtawa wa kiume wala kumkabidhi kitu mkononi.

Wasiwasi wetu ni huo mwezi wa Machi. Ni msimu wa kuchoma mabaki ya mashamba. Moshi hutanda bondeni, na mara nyingi mji hauonekani kabisa kutoka juu. Kama mnafuata mandhari, au mmoja wenu ana pumu, sogezeni safari hadi Novemba au Desemba.