Ukaze Kiasi Gani? Maneno kwa Masaisi (Watunza Farasi) Wapya

Asubuhi ya leo nimefungua bendeji tatu mlizofunga jana kwenye miguu ya farasi. Ya kwanza ilikuwa imeporomoka hadi kwenye kifundo kama soksi kuukuu. Ya pili imekazwa ajabu. Ya tatu ilikuwa kwenye mguu mzima usio na shida yoyote. Nawapenda, wanangu, lakini mtanizeesha.

1. Jiulize unafunga kwa nini. Kidonda, uvimbe, safari: sawa. "Nimeona wengine wamefunga" si sababu. Pitisha kiganja mguuni kwanza. Mguu uwe safi na mkavu.

2. Pedi, yaani kitambaa laini cha kukinga mguu, kabla ya bendeji, isiwe na mkunjo. Anzia juu ya mfupa wa muundi, ule wa chini ya goti, usianzie kwenye kano. Upande wa nje, bendeji itoke mbele kwenda nyuma, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia.

3. Kukaza. Hapa nina deni la kusema. Nikiwa mgeni, bendeji yangu ilimvuka farasi akitembea, wakubwa wakacheka hadi wakashika mbavu. Siku iliyofuata nikaapa haitatoka tena. Pedi nikachukua nyembamba, maana nene niliiona inateleza, kisha nikavuta kama nafunga mzigo kwenye baiskeli. Farasi yule, jike, aliinua mguu mara mbili. Nikamkemea! Yeye ananiambia, mimi namwambia atulie. Nikaenda kulala nikijisifu.

Kulipokucha nikafungua: nyuma ya muundi pamevimba na kutokeza kama upinde, pana moto, na nilipogusa akavuta mguu. Chini ya goti hakuna nyama ya kumkinga farasi. Ni ngozi, kano na mfupa. Nilisingizia kwamba amejigonga ukutani. Daktari wa mifugo alitazama alama za bendeji kwenye ngozi, akanitazama mimi, hakusema neno. Afadhali angenitukana. Jike alikaa miezi bila kazi, na mimi ndiye niliyemtembeza kila siku, polepole, nikihesabu hatua zake.

Kwa hiyo kidole kimoja kipite ndani ya bendeji, kwenye ukingo wa juu na wa chini. Kisipopita, fungua uanze upya, hata kama umechoka.

4. Chuchumaa, usipige magoti. Akishtuka, utaondokaje?

5. Usiache bendeji zaidi ya saa 12 bila kuifungua na kuukagua mguu. Ikilowa, itoe hapo hapo.

Aliyekaza ile ya pili anajijua. Jioni aje na pedi nene, tufunge pamoja.