Trakisheni kontroli: kwa nini F1 waliikataza?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Moshi, hapa kijiweni tunabishana kila siku, kwa nini F1 (mbio za magari za Formula One) walikataza trakisheni kontroli wakati hata vigari vyetu vya kuendea sokoni vinayo? Kwani dereva anakuwa mkali zaidi bila hiyo?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Trakisheni kontroli ni mfumo unaozuia tairi zisiteleze ukikanyaga mafuta. Kila tairi ina sensa inayosoma mzunguko, sasa ukitoka kona umekanyaga mafuta, za nyuma zikaanza kuzunguka haraka kuliko za mbele, kontroli boksi (kompyuta ya gari) linajua zimeteleza, hapohapo linachelewesha moto wa plagi au linazima silinda mojamoja mpaka zishike. Ndo maana F1 za 2001 mpaka 2007 zikitoka kona unasikia injini inakohoa kama bodaboda yenye plagi chafu, na wala si mbovu, ni boksi linafanya kazi ya mguu wa kulia.

Kwa sababu hiyo walishaikataza 1994, shida ikawa kukagua programu zilizofichwa kwenye boksi la kila timu, 2001 wakairuhusu tena, 2008 wakaikataza tena, ndo ikapatikana dawa: boksi la aina moja kwa wote. Kwenye rali nako, magari ya Rally1 (daraja la juu la rali ya dunia) yalipokuja 2022 walitoa difu ya kati ya umeme (inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma) wakarudisha gia ya kuvuta kwa mkono, na mimi naona walifanya la maana, maana mtazamaji anataka aone dereva anapambana na gari.

Sasa ukali wa dereva. Kuna kijana aliniletea Mitsubishi Evo 7 hapa gereji Arusha, anajiona hatari sana kwenye vumbi, kumbe pampu ya difu ya kati ilikuwa ndo inakufa. Ikafa tukiwa kwenye majaribio, taa ikawaka kwenye dashibodi, kona mbili tu gari likageuka likaangalia lilikotoka, ya tatu tukaingia kwenye mahindi ya watu (tuliyalipa). Baada ya hapo nikamwambia aendeshe hivyohivyo wiki mbili kabla sijabadilisha pampu, aisee alirudi anakanyaga mafuta taratibu kama anayemimina maziwa ya moto.

Ila wewe na gari la sokoni iache imewashwa, hasa masika. Izime ukikwama kwenye tope tu, maana boksi likiona tairi inazunguka linakata nguvu, na hapo wewe unataka izunguke ili utoke.