Wizara zikae pamoja au zitawanywe?

SWALI: Nasoma mipango miji. Zoezi letu la mwisho ni kusanifu mji mkuu mpya wa nchi. Nimeziweka wizara zote katika eneo moja la serikali na makazi nikayaweka kando. Mwalimu anasema mji huo utakufa kila jioni. Nizitawanye? Na kitalu, yaani eneo la viwanja lililozungukwa na barabara, kiwe na ukubwa gani?

JIBU: Mwalimu wako ana haki ya kuhofia, ila usizitawanye ovyo. Watumishi hushinda wakifuatana ofisi kwa ofisi kwa vikao na mafaili, hivyo ukaribu una faida. Ziache jirani, lakini zisiwe peke yao. Ghorofa za chini zinazotazama barabara zipe maduka, migahawa na zahanati, na mtaa wa nyuma uwe wa nyumba za watu. Uzio wa usalama ubaki kwa majengo machache yanayouhitaji kweli.

Itazame Brasília, mji mkuu wa Brazil. Mpangaji wake, Lúcio Costa, aliigawa kwa sekta: mahoteli kwao, mabenki kwao, wizara zimejipanga mistari miwili kando ya barabara kuu. Kutoka angani inapendeza mno. Anayeteseka ni mtembea kwa miguu. Tena, mji ulizinduliwa tarehe 21 Aprili 1960, ilhali Taguatinga, mji wa pembeni, ulianzishwa 1958, kwa kuwa wajenzi wengi hawakupata pa kuishi ndani ya mji waliokuwa wakiujenga. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika fani yetu. Tunamchorea waziri ofisi na makazi, halafu mfagizi, dereva, mlinzi na mpishi tunawasahau. Wahesabu sasa hivi. Watengee viwanja vidogo na nyumba za kupanga za bei nafuu ndani ya mpango kabambe (mpango mkuu wa mji) wenyewe, kwa sababu ardhi ya katikati ikishapanda bei hutaipata tena.

Kuhusu kitalu, mimi ningebaki kati ya mita 80 na 120 kila upande. Vitalu vya mita 400 kwa 400 vinakupa makutano ya barabara 6 hivi kwa kilomita ya mraba; vya mita 100 vinakupa 100. Nyumba mbili zinazopeana migongo katikati ya kitalu kile kikubwa, mlango wa mbele hadi mlango wa mbele, zinamtembeza mtu mita 800 kukizunguka: dakika kumi za jua. Pasipoweza kukatwa na barabara, kama hospitali, pitisha njia ya miguu.

Acha pia nafasi ya usafiri wa baadaye. Mchoro wa Canberra, mji mkuu wa Australia, ulishinda shindano mwaka 1912. Tramu (treni ya mitaani) ya leo ilianza 2019, ikapita katikati ya barabara ya Northbourne Avenue kwa sababu upana ulikuwapo.

Kabla ya kuwasilisha, weka nukta kwenye mlango wa wizara ya fedha, na nyingine pale atakapolala mfagizi wake. Pima safari yake ya alfajiri. Ikizidi dakika 45, rudi kwenye ramani ya matumizi ya ardhi kabla hujagusa kitu kingine.